Tofali la Vuli

Mafundi wa Mara wana ugonjwa mmoja: hawawezi kusikiliza historia bila kuihesabia matofali. Nimekaa nao sana, nimeambukizwa. Ndiyo maana niliposoma kwamba Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh Oktoba 1952, akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwao Butiama, kisha akafunga ndoa na Maria Gabriel Magige kwenye misheni ya Musoma tarehe 24 Januari 1953, siasa zote zilinitoka kichwani. Nilibaki na swali la kifundi: matofali aliyakausha wapi?

Maana miezi hiyo ni ya vuli.

Kufyatua tofali kunaonekana kazi ya watoto mpaka ujaribu. Udongo wa kichuguu ndio unaopendwa, mchwa wameshausaga vizuri. Unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu, unafunikwa ulale. Asubuhi unakanyagwa tena. Fundi akitaka kujua kama umeiva, anafinyanga donge na kuliangusha chini. Likivunjika vipande, bado. Likitandaa kama uji, maji yamezidi. Kalibu inachovywa majini na kunyunyiziwa mchanga, halafu donge linarushwa ndani kwa nguvu, mara moja tu, lijaze pembe zote nne. Utamu wa kazi uko hapo kwenye kurusha. Donge lililowekwa kwa upole huacha mapengo pembeni, na tofali lisilo na pembe litamsumbua mwashi mpaka kwenye lenta.

Kisha kuna kungoja. Tofali bichi haliwezi jua kali, litapasuka. Haliwezi mvua, litarudi kuwa tope. Linalazwa chini ya majani siku kadhaa, likishikamana linasimamishwa kwa ubavu upepo upite. Kiangazi unaweza kuliacha ukaenda mnadani. Wakati wa vuli mfyatuaji halali usingizi mzito: ngurumo ikisikika upande wa Ziwa Victoria usiku wa manane, anatoka kwenda kuyafunika matofali, yeye mwenyewe akiloa.

Nyumba ya Butiama ilijengwa ndani ya muda usiofika miezi minne. Hiyo si kasi ya mtu mmoja, hata awe na shahada ya Edinburgh. Natazama tarehe hizo na kuona nyuma yake miguu mingi iliyokanyaga udongo, na majani mengi yaliyokatwa.

Tena tofali linadai kitu ambacho nyumba ya msonge haikudai. Msonge huanza na kigingi katikati na kamba. Zungusha, umepata ukuta. Tofali linataka kona, na kona inataka uzi na timazi. Kona ikilala kidogo kwenye kozi ya kwanza, kwenye kozi ya kumi kila mpita njia ataiona. Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito, aliyezaliwa 1922, alivuka kutoka duara kwenda kona katika umri wa miaka 30.

Wageni huuliza kwa nini watu wa Mara, waliozungukwa na miamba hivi, wahangaike na udongo. Jibu liko kwenye mwamba wenyewe: kuupasua ni kuuwashia moto, kisha nyundo, kisha mgongo wako. Kwa hiyo jiwe hupelekwa panapohitajika zaidi, kwenye msingi, ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasiukute udongo wa ukutani. Mwamba uliobaki unaachwa ulipo. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani, alisifiwa dunia nzima kwa nyumba aliyoiweka juu ya maporomoko kule Pennsylvania katika miaka ya 1930, akauacha mwamba ujitokeze sakafuni mbele ya meko. Ni kazi nzuri, sikatai. Ila Musoma, chini ya kilima cha Mukendo, wenye nyumba wana miamba uani kwao tangu zamani, na wanaanikia mihogo juu yake bila kumwita mpiga picha.

Nyerere alikaa nyumba nyingine baadaye: Magomeni, Msasani, kisha ile aliyojengewa na chama pale Mwitongo, Butiama, kati ya miamba na pimbi, na ile ya jeshi iliyokamilika mwishoni mwa maisha yake. Zote ni imara kuliko ile ya 1953. Lakini kwa macho ya mwashi haziulizi swali. Saruji ilishalijibu kiwandani.

Ukipita njia ya Bunda kwenda Butiama mwezi wa Novemba, kando ya barabara utaona vichuguu vilivyochimbwa nusu na, karibu navyo, safu za kitu kilichofunikwa majani. Ni matofali. Salimia wenyewe, uliza unachotaka, ila usifunue.