Ruhinda Alitoka Wapi? Kuisoma Upya Asili ya Wanyambo

Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Walikuwa wameondoka Unguja mwaka mmoja nyuma, wakiwa na wapagazi na askari wa pwani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863 kuhusu chanzo cha Mto Nile, Speke anatuambia kwamba mfalme yule aliwalaki kwa Kiswahili kizuri, na kwamba maamkizi yake yaliwagusa moyo.

Nimekisoma kitabu hicho kwa miaka mingi, kwanza kwa msaada wa kamusi iliyochanika jalada, kisha bila ya kamusi, na kila nikirudi kwenye ukurasa huo nasimama. Mfalme wa bara, umbali wa miezi mingi ya mwendo kutoka baharini, anazungumza lugha yetu. Mgeni aliyepita Unguja kuchukua watu na vitu haijui vya kutosha. Speke alizungumza Kihindustani na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akaishia India, na Bombay ndiye aliyeyageuza maneno yakawa Kiswahili. Anayetaka kuijua asili ya Wanyambo kwa kumtegemea Speke basi ajue anakunywa maji yaliyopitishwa katika vyombo vitatu au vinne. Mimi kazi yangu ni tafsiri, najua kila chombo huacha ladha yake.

Tena si ladha tu, hata majina. Speke anaandika *Wahuma*, ilhali wenyewe wangesema *Abahuma* au *Abahima*. Hilo *wa-* ni letu. Kadhalika *Uganda*, ambayo kwa wenyewe ni *Buganda*. Ramani ya maziwa makuu imeandikwa kwa vinywa vya watu wa misafara, na sisi watu wa pwani, tunaopenda kulalamika kwamba wengine wametuandikia historia yetu, hatuna budi kukiri kuwa kalamu ya mwingine wakati mwingine ilichovya katika wino wetu.

Sura ninayotaka kuihakiki ni ya tisa, ile inayoitwa historia ya Wahuma. Imewekwa katikati, Karagwe mbele yake na Karagwe nyuma yake, kama kwamba msafara umepumzika na mwandishi amepata nafasi ya kuwaza. Humo Speke anadai kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi hawana asili moja na wakulima wanaowatawala; kwamba wazee wao walitoka Uhabeshi, watu wa jamii ya Wagalla, wakaingia kusini wakitiisha wenyeji. Mwenyewe anaiita nadharia. Ushahidi wake ni sura za watu, mapokeo aliyoyasikia kwa njia ya mkalimani, na dhana aliyokuja nayo kutoka kwao, ya kwamba dola yenye adabu haiwezi kuwa imeundwa na Mwafrika mweusi. Alimpenda Rumanyika, na kwa kuwa alimpenda, akamtafutia babu wa mbali.

Kiuandishi, sura hiyo ni dhaifu kuliko zote zinazoizunguka. Katika sura za Karagwe zenyewe Speke ana macho na masikio. Anatusimulia jinsi Rumanyika alivyomuuliza kama jua la leo ndilo lile lile la jana au kila siku huja jipya, na kama mwezi hubadilisha uso kwa kuwacheka wanadamu. Maswali hayo yangemfaa mshairi yeyote wa Pemba. Lakini afikapo kwenye asili, mtu huyu mwenye kuuliza anatoweka, na mahali pake anaingia mfano wa kabila.

Sasa tuitazame simulizi yenyewe, ile ambayo Speke aliisikia kwa kipande na akaishonea vazi geni. Wanyambo husimulia kwamba kabla ya Wahinda nchi ilikuwa mikononi mwa Nono, mwana wa Malija, wa ukoo wa Wasita. Kisha akaja Ruhinda, anayehesabiwa kuwa wa damu ya Wamara, wa mwisho katika wafalme wa Wachwezi, wale watu wa kale wanaosemwa kuwa hawakufa bali walitoweka. Ruhinda akautwaa ufalme, na kutokana naye nasaba ya Wahinda ikaenea: Karagwe, Nkore, Ihangiro, Kyamutwara, hadi Buzinza.

Hebu msomaji uipime simulizi hii kama unavyopima utenzi. Nani anasema, mbele ya nani, na kwa haja gani? Inasemwa katika ufalme wa Wahinda. Haja yake ni kueleza kwa nini Muhinda ndiye mwenye ngoma, na ngoma katika nchi hizo ndiyo dola. Mtawala anahitaji mambo mawili yasiyopatana: awe mgeni, ili asiwe sawa na jirani zake wa jana, na awe mrithi, ili asiwe mnyang'anyi. Ruhinda anayapata yote mawili kwa kufanywa mwana wa waliotoweka. Huu ni ustadi wa hali ya juu. Kuusoma kama daftari la uhamiaji, lenye tarehe ya kuingia na mahali alikotoka mtu, ni sawa na kuusoma Utenzi wa Ras al-Ghuli ukitafuta bei ya farasi.

M. M. Mulokozi, ambaye wapenzi wa mashairi wanamjua kwa *Malenga wa Bara* aliyoiandika pamoja na K. K. Kahigi, ametetea kwa nguvu katika *The African Epic Controversy* (2002) kwamba Afrika ina tendi zake, akijibu shaka aliyoitia Ruth Finnegan mwaka 1970. Amezichunguza kwa kina tendi za nanga za Wahaya, majirani wa Wanyambo. Napenda kuiongeza hoja yake hatua moja: tukishakubali kuwa hizi ni tendi, basi tuzipe heshima ya kuzihakiki kama tendi, tusizigeuze hati za kiwanja.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshaona ninakoelekea. Sisi nasi tuna Ruhinda wetu. Tarikhi ya Kilwa inasema juu ya watu wa Shiraz, baba na wanawe, majahazi saba, kila moja likitia nanga mahali pake. Tumebishana juu yake miaka nenda miaka rudi, mmoja akiapa kuwa ni kweli tupu na mwingine kuwa ni uongo mtupu. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, na jibu halikumpendeza yeyote kikamilifu: kwa upande wa baba ilionekana damu ya Asia, hasa ya Uajemi, iliyoanza kuchanganyika takriban mwaka 1000, kwa upande wa mama ilikuwa Afrika. Jahazi basi huenda lilikuwapo. Lakini aliyekuwa ufukweni, mwenye nyumba, mwenye lugha, simulizi haikumtaja ila kwa kupita.

Ndivyo ilivyo Karagwe. Muhinda, Muhima mfugaji na Mwiru mkulima wote husema Kinyambo, lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kinyankore, Kihaya na Kinyoro. Vuka mto pale Murongo, wilaya ya Kyerwa, uingie Kikagati upande wa Uganda, na mazungumzo yanaendelea kwa tofauti ndogo tu. Kama kulikuwa na lugha nyingine iliyokuja na washindi kutoka mbali, haikuacha hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Na huko Buhaya, Peter Schmidt, aliyechimba Katuruka tangu miaka ya 1970, alionyesha kuwa watu wa ukanda huu walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka elfu moja kabla ya zama zinazohesabiwa kuwa za Ruhinda.

Ndiyo maana nina neno dogo juu ya kitabu cha Israel Katoke, *The Karagwe Kingdom* (1975), ambacho bado ndicho mlango mkuu wa kuingilia jambo hili. Sina ugomvi na bidii yake. Kwa Mtanzania kuiandika Karagwe kutoka ndani, baada ya karne nzima ya kuandikwa na wapita njia, ilikuwa kazi kubwa. Ugomvi wangu ni na jalada. Linaahidi historia ya Abanyambo kuanzia takriban mwaka 1400 hadi 1915. Miaka hiyo ni ya kiti cha enzi. Wanyambo hawakuanza siku alipokuja mfalme, wala hawakwisha siku walipoondolewa wafalme. Utemi na uchifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na Wanyambo wapo, wanalima migomba na kahawa.

Neno *kabila* lenyewe linanipa taabu kila ninapotafsiri. Ni la Kiarabu, limepanda bara na misafara, kama lilivyopanda *asili*. Wenyeji wana *oruganda*, yaani ukoo, na *omuziro*, ambao kamusi zetu zitautafsiri kuwa *mwiko*. Mwiko kwetu ni katazo tu. Omuziro ni katazo na pia ni undugu: Wahinda hawamli ngedere wanayemwita *enkende*, na mwenye muziro huo akisafiri ugenini hutafuta mwenye muziro kama wake, akapata pa kulala. Mpaka wa wilaya haumsumbui, wala ule wa dola. Ukimwandika mtu huyo katika safu ya *kabila* umemkata miguu. Nilipojaribu kuligeuza neno hilo katika shairi nililisoma tena mara tatu, nikaishia kuliacha kama lilivyo.

Huenda yupo atakayesema haya ni mabishano ya wenye nafasi. Basi tuufuate mto. Nadharia ya sura ya tisa ilichukuliwa na wamisionari na watawala wa kikoloni, ikafundishwa Rwanda, ikaandikwa katika vitambulisho wakati wa Wabelgiji. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya akasema kuwa Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya Mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera hupita ukingoni mwa Karagwe na Kyerwa kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Mwaka 1994 watu wa kingo hizo waliiona miili ikipita. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo zaidi ya watu laki mbili walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja.

Na mwaka 2013 serikali yetu ilipowaondoa mkoani Kagera watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, waliong'olewa ni pamoja na wengine waliokuwa wameishi humo miongo mizima, wameoa na kuolewa. Swali waliloulizwa lilikuwa lile lile: asili yako wapi?

Nilifika Kayanga mara moja. Mzee mmoja niliyeketi naye barazani aliniuliza nimetoka wapi, nikamjibu Unguja. Akauliza na kabla ya Unguja. Nikaanza kumtajia babu na babu wa babu, hadi nilipofika kwenye jahazi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza jina la mama yake bibi yangu. Sikulijua.