Ushairi Chuoni: Nani Ana Nafasi ya Kujibu?

Shairi la pwani halikutungwa ili lisomwe kimya. Lilighaniwa barazani, likasafirishwa hadi mji wa pili, na huko likangojewa jawabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi, katika zama za uhasama baina ya miji hiyo miwili. Kila upande ulijua kwamba neno lililotoka litarudi, na pengine litarudi na makali zaidi. Kwa hiyo, vyuo vikuu vinapojinasibu kuwa vinaushirikisha umma katika utafiti wao, kipimo cha haki kimo ndani ya ushairi wenyewe: je, umma huo unaweza kuujibu utafiti ulioletewa?

Safari ya tungo za Muyaka inafaa kuwa mfano. Mwishoni mwa karne ya 19, mmishonari Mwingereza W. E. Taylor alizikusanya mjini Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ambaye bila ya kumbukumbu na elimu yake nyingi zingepotea. Maandishi hayo yaliishia London, katika maktaba ya chuo kijulikanacho kwa kifupi kama SOAS. Mwaka 1940 William Hichens aliichapisha Diwani ya Muyaka, na mahali pa kuchapishwa palikuwa Johannesburg. Hivyo mashairi yaliyozaliwa katika vichochoro vya Mvita yalipita London na Afrika Kusini kabla ya kumrudia mwenyewe yakiwa kitabu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chuo hicho kimeyahifadhi makaratasi ambayo chumvi na mchwa wa pwani wasingeyasamehe, na leo picha za miswada yake mingi ya Kiswahili, pamoja na mkusanyo wa marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, zinatazamwa bure kwa njia ya intaneti. Mtu aliyeko Lamu au Wete haombi tena viza ili aone mwandiko wa mababu zake. Hilo si jambo dogo.

Lakini kuona si kusoma. Miswada hiyo imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika mwandiko wa zamani irabu mbili aghalabu hushirikiana alama moja: i na e, u na o. Herufi ya b huweza kusimama mahali pa p au mb, na n iliyo mbele ya d mara nyingi huachwa. Kwa mwandiko wa namna hiyo, "penda" na "pinda" huweza kuandikwa sawasawa. Anayeamua ni lipi kati ya hayo mawili ni yule anayeijua lahaja, anayezihesabu mizani 16 za mshororo, na ambaye sikio lake linajua kina kinadai nini. Ujuzi huo umo zaidi katika vifua vya watu kuliko katika rafu za maktaba. Picha ikitolewa bila ya msomaji wa aina hiyo kualikwa, chuo kinakuwa kimefungua mlango wa nyumba yenye giza.

Kazi ya Profesa Mohamed H. Abdulaziz, iliyotoka mwaka 1979, ilikwenda mbali zaidi. Alimrejesha Muyaka katika siasa, biashara na mapenzi ya Mombasa ya wakati wake, na mpaka sasa ni vigumu kumjadili mshairi huyo bila ya kupitia mlango wa kitabu hicho. Hata hivyo, tungo zimo kwa Kiswahili, na maelezo yamo kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mzee wa Mombasa anayeweza kumsahihisha mtaalamu juu ya neno moja la Kimvita hana njia ya kujua kwamba limekosewa. Dar es Salaam nako, mkusanyo mkubwa wa miswada na kanda za sauti uliohusishwa na J. W. T. Allen ulitolewa orodha yake mwaka 1970 kwa Kiingereza, tena ikachapishwa Leiden. Mali imo Mlimani, ufunguo umo Uholanzi.

Ni chuo hichohicho cha Dar es Salaam, hata hivyo, kilichotoa mfano wa ushirikishaji wa kweli, na pengine bila ya kuupangia. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, na M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wasomi walidai kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Wenye mila hawakunyamaza. Jumanne Mayoka alijibu kwa kitabu kizima, Mgogoro wa Ushairi, mwaka 1984. Maneno makali yalisemwa, na mengine hayakuwa ya haki. Lakini hoja iliandikwa kwa Kiswahili, ikasomwa na wasiokuwa wanafunzi, ikapata jawabu. Ushairi wa Kiswahili ulitoka katika ugomvi ule ukiwa mpana zaidi, na kambi zote mbili zina vitabu vya kushuhudia.

Visiwani nako kuna somo. Kale ya Washairi wa Pemba, diwani ya Kamange na Sarahani iliyotoka mwaka 2011, ilitokana na mkusanyo wa Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na ikahaririwa na Abdilatif Abdalla. Wakusanyaji waliziandama tungo kwa mapenzi, na mhariri akazitoa katika lugha iliyozizaa. Mpemba anayekifungua kitabu hicho anaweza kubisha juu ya neno siku hiyohiyo.

Daraja lililo karibu zaidi ni mwanafunzi. Kila mwaka vijana hurudi vijijini mwao na daftari na kinasa sauti, wakakaa na mabibi na mababu, wakaondoka na tenzi na nyimbo. Tasnifu hupata alama, kisha hulala rafuni. Ingekuwa sharti la shahada kwamba mwanafunzi arudi alikochukua, aighani kazi mbele ya waliompa na asikilize wanapomkosoa, chuo kingepata wahakiki ambao hakina uwezo wa kuwaajiri. Haihitajiki fedha nyingi kwa hilo. Inahitajika unyenyekevu, na Kiswahili.

Wazee wanaoweza kusema "hapo si pinda, ni penda" wanapungua. Sheikh Yahya alifariki mwaka 2008, Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 2017. Picha za miswada zitadumu. Sauti ya kuzisahihisha haina ahadi hiyo.