Kuchovya Visanamu kwenye Vanishi: Si Uvivu, Lakini Kivuli Chake Kina Walakini

Tuanze na ugomvi wenyewe. Kati ya watu wanaopaka rangi visanamu vya michezo ya vita ya mezani, hawa wa Warhammer na ndugu zake, kuna njia moja ya kutia kivuli ambayo imewagawa kwa miaka mingi. Unapaka kisanamu rangi za msingi bila madoido: koti jekundu, buti nyeusi, uso wa rangi ya uso. Kisha unakishika kwa koleo, unakichovya kizima kwenye kopo la vanishi ya mbao yenye rangi ya kahawia, unakitoa, unakikung'uta kwa nguvu, unakiacha kikauke siku moja au mbili. Kikikauka, mikunjo ya nguo imeingia giza, meno yametengana, vidole vinahesabika. Kazi ambayo kwa brashi ingekula jioni nzima imefanywa na kopo.

Wapinzani wanasema huo ni uvivu. Watetezi wanasema ni sayansi. Mimi kazi yangu ya kila siku ni vimiminika na nyuso vinazogusa, na kwa kweli nimechoka kusikia neno "sayansi" likigongwa kama muhuri wa kumaliza mjadala. Sayansi ya jambo hili ipo, tena nzuri sana, lakini ukiifuata mpaka mwisho inawaumbua watetezi karibu sawasawa na inavyowaumbua wapinzani. Kwa hiyo twende taratibu.

Njia hii ilienea kwanza kwa vanishi za dukani. Marekani wapakaji wengi walitumia Minwax Polyshades, bidhaa ya maseremala inayochanganya rangi ya mbao na poliyurethani kwenye kopo moja; rangi iitwayo Tudor Satin ikawa maarufu miongoni mwao. Baadaye ikaja kampuni ya Denmark, The Army Painter, iliyoanzishwa 2007, ikauza kopo lililotengenezwa mahsusi kwa visanamu, Quickshade, kwa viwango vitatu vya giza. Kabla hatujaendelea, tazama kichekesho kilichopo hapa. Vanishi ya mbao imetengenezwa kwa ajili ya uso bapa: meza, mlango, kabati. Fundi seremala yeyote atakwambia kwamba vanishi ikijikusanya kwenye kona ya fremu, hiyo ni kazi mbovu. Wapaka visanamu wameuchukua ubovu huo huo wakaufanya ndiyo kazi yenyewe.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kopo. Wafinyanzi wa China wa zama za nasaba ya Song walichonga maua kwenye bakuli la udongo, kisha wakalifunika bakuli zima kwa glezi ya kijani inayopitisha nuru, ile ya vyombo vinavyoitwa seladoni. Ndani ya tanuri glezi iliyeyuka, ikajaa kwenye michongo. Palipo na kina pakawa kijani kizito, palipoinuka pakawa hafifu, na ua likaonekana bila mtu kulitia kivuli. (Vigae vya seladoni vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi, kwa hiyo glezi za jamii hiyo si ngeni kwenye pwani yetu.) Katikati ya karne ya 19, kiwanda cha Rubelles nchini Ufaransa kilivuta kanuni hiyo hadi mwisho wake: picha nzima ilichongwa kwenye udongo kwa kina tofauti tofauti, ikafurikishwa glezi ya rangi moja, na vivuli vyote vikatokana na kina peke yake. Sijui nani angethubutu kuwaita mafundi wale wavivu. Ila kuna tofauti moja kati yao na mtu wa kopo, na nitairudia, kwa sababu ndiyo kiini cha lawama yangu.

Kwanza, kwa nini kina kinaleta giza? Vanishi yenye rangi ni kama kioo cha miwani ya jua. Nuru inaingia, inagonga rangi iliyo chini, inarudi ikipita kwenye vanishi mara ya pili. Chukulia tabaka moja linapitisha asilimia 90 ya nuru. Kwenda na kurudi inabaki asilimia 81, yaani jicho haliona tofauti kubwa. Sasa chukulia kwenye mkunjo tabaka ni nene mara nne. Nuru inapunguzwa mara nane, na kinachotoka ni asilimia 43. Unene umepanda mara nne tu, lakini mng'ao umeshuka karibu nusu. Tena vanishi ya kahawia inameza zaidi nuru ya buluu kuliko nyekundu, kwa hiyo mkunjo hauwi mweusi tu, unakuwa na joto fulani, kama rangi ya ngozi ya kiatu cha zamani. Kwenye ngozi, mbao, mifupa na ngozi ya wanyama, matokeo yake ni mazuri, na hapo siwezi kubisha.

Swali la pili ndilo tamu: vanishi inajuaje pa kwenda? Wengi wanajibu haraka, "inateremka kwa uzito wake." Si kweli, au si kweli pale inapohusika. Kila kimiminika kina mvutano wa uso, ile hali ya uso wake kutenda kama utando uliokazwa. Kwenye ukingo uliochomoza utando huo unakisukuma kimiminika kiondoke. Kwenye kona iliyoingia ndani unakivuta kije. Mvutano huu unashindana na uzito, na anayeshinda anategemea ukubwa wa sehemu yenyewe. Kwa vimiminika vya mafuta mpaka kati yao uko kwenye milimita 2 hivi, au pungufu kidogo. Chini ya hapo utando unatawala. Juu ya hapo uzito unatawala.

Sasa pima kisanamu cha kawaida cha milimita 28. Mikunjo ya shati, nafasi kati ya vidole, pete za vazi la chuma: vyote viko chini ya milimita 1. Hapo utando unatawala bila mpinzani, na vanishi inapanda hata juu ikibidi ili kujaza ufa. Ndiyo maana askari wa vazi la pete, mzimu wa mifupa, mnyama mwenye manyoya, wakitoka kwenye kopo wanatoka wamekamilika. Lakini chukua ngao bapa, joho pana, au ubavu wa kifaru. Hizo ni sentimita, si milimita. Uzito unashinda, vanishi inateremka hadi pindo la chini, inaning'inia pale kama machozi, inakaukia pale. Mpakaji anasema amekosea kiasi. Hajakosea kiasi, amevuka mpaka wa milimita 2.

Na ule mkung'uto? Watu wanaufanya kwa mazoea, kumbe ndiyo hatua ya kijanja kuliko zote. Ukikung'uta kwa mchapuko wa mara 10 ya ule wa mvutano wa dunia, kwa muda huo mfupi umeufanya uzito wa vanishi uwe mara 10, na mpaka wa milimita 2 unashuka hadi karibu nusu milimita. Chochote kilichojikusanya kwa ukubwa zaidi ya hapo kinaruka ukutani (tandaza magazeti, tafadhali), na kinachobaki ni kilichoshikiliwa na mikunjo midogo. Mkono umechagua ukubwa wa kivuli bila kujua. Kasi ya kukitoa kisanamu kwenye kopo nayo ina neno lake. Mwaka 1942 Lev Landau na Benjamin Levich walionesha kwamba bamba likivutwa kutoka kwenye kimiminika, utando unaobaki juu yake hunenepa kadiri unavyovuta haraka: kasi mara 8, unene mara 4. Kisanamu si bamba, lakini mwelekeo ni uleule. Vuta polepole.

Kwa hiyo mwenye kusema "huo ni uvivu" hajui kinachotokea mkononi mwa mchovyaji mzuri. Haya, tumemalizana naye.

Sasa zamu ya watetezi. Wanasema kopo linatia vivuli. Halitii vivuli, linatia giza kwenye mashimo, na hayo ni mambo mawili. Shimo kweli hupata nuru kidogo, kwa sababu anga linaloliona ni finyu. Siku ya mawingu mazito kivuli cha mwili wako ni cha aina hiyo. Lakini nuru tuliyokulia nayo inatoka juu, na ubongo wetu umelizoea hilo kiasi kwamba ukiigeuza picha ya kibonde kichwa chini, unaona kilima. Kidevu, kwapa, upande wa chini wa mkono: hivyo vinatakiwa viwe na giza kwa sababu ya mwelekeo wao, hata kama havina shimo lolote. Kopo halijui juu wala chini ya nuru. Linajua juu na chini ya uzito, na uzito unafanya kinyume kabisa. Angalia kofia pana ya mpiganaji yeyote aliyechovywa. Vanishi imekusanyika juu ya ukingo wa kofia, kuzunguka mahali ukingo unapokutana na kichwa, yaani mahali hasa ambapo jua la mchana lingepiga. Chini ya ukingo, usoni, ambako kivuli kilitakiwa kiwe, pamebaki peupe. Ukishaiona kofia hiyo mara moja, utaiona kila mahali.

Na hapa narudi kwa wafinyanzi. Mfinyanzi wa seladoni alichonga mwenyewe, akijua glezi itakwenda wapi. Kina cha petali kilikuwa ndiyo uamuzi wake kuhusu kivuli. Mchovyaji ananunua kisanamu kilichochongwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa kutarajia brashi, kisha anamwachia kopo. Uamuzi wa wapi pawe na giza haukupotea, umehamia kwa mchongaji, na mchongaji hakuulizwa. Ndiyo sababu njia ileile, kopo lilelile, mkono uleule, vinatoa jeshi la kupendeza kwenye seti moja ya visanamu na tope kwenye seti nyingine. Ukitaka kuihukumu kazi ya kuchovya, usianze na mkono, anza na kina cha mikunjo aliyoichagua mtu yule dukani. Hapo ndipo alipopaka rangi, kama alipaka.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni ule wa umbali, na naukubali kwa sharti. Kisanamu cha milimita 28 ukikitazama kutoka mita 1 ni sawa na kumtazama mtu aliye mita 60 mbele yako. Kwa umbali huo wa mita 1, jicho zima linatofautisha vitu vya milimita 0.3 hivi, si chini ya hapo. Kile kivuli laini cha tabaka kumi kwenye pua hakifiki kwa mchezaji aliye upande wa pili wa meza. Giza nene kwenye mikunjo linafika. Ukiwa na visanamu 100 na kila kimoja kwa brashi kinakula saa 3, hizo ni saa 300, na watu wana kazi, wana watoto, wana tasnifu za kuandika. Jeshi lililochovywa na kuwekwa mezani ni zuri kuliko jeshi la plastiki ya kijivu lililobaki boksini, na anayepima askari wa mezani kwa vigezo vya Golden Demon, mashindano ya upakaji ya Games Workshop yaliyoanza 1987, anapima mkate kwa rula.

Sharti ni hili. Jicho lisipoweza kutenganisha mistari ya giza, haliifuti, linaichanganya na rangi iliyo jirani. Koti jeupe lenye mistari ya kahawia ya milimita 0.2 halionekani kama koti jeupe lenye mikunjo, linaonekana koti chafu. Kwa hiyo hoja ya umbali inawatetea wa mifupa na matope, na inawashtaki wa nguo nyeupe, njano na buluu ya anga. Wachovyaji hodari wanalijua hilo: wanapaka rangi za msingi ang'avu kupita kiasi, karibu za kitoto, ili kahawia ikishakula sehemu yake ibaki rangi iliyokusudiwa. Huo ni uamuzi wa mpakaji, tena mgumu, kwa sababu unafanywa kabla ya kuona matokeo.

Limebaki suala la kung'aa, ambalo watu hulipitia haraka mno. Vanishi ikikauka inaacha uso laini kama kioo, na uso wa namna hiyo unarudisha karibu asilimia 4 ya nuru moja kwa moja kama kijikioo. Kwenye kitu kidogo hiyo inatosha kuweka vidoa vyeupe vya taa juu ya vivuli vyote ulivyohangaikia. Askari wa kuchezea wa zamani, kama wale wa risasi wa kampuni ya Britains tangu 1893, waling'aa hivyo na ilikuwa sehemu ya uzuri wao, maana hawakujifanya kuwa watu halisi. Kisanamu chenye kivuli kinajifanya. Kwa hiyo tabaka la vanishi isiyong'aa juu yake ni la lazima, na lisubiri hadi la chini likauke kabisa, kwa sababu vanishi ya mafuta haikauki kwa kupoteza kiyeyushi tu, inafunga kwa kunyonya oksijeni ya hewani, na hilo halikimbizwi.

Ufungaji huohuo unatoa joto. Vitambaa ulivyofutia vanishi ya mafuta usivifinyange ukavitupa pamoja kwenye ndoo. Vikirundikwa, joto linakosa pa kutokea na vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, kisha fungua dirisha la chumba ulichochovyea.