Kupima Wapimaji

Msimu wa pamba ukishafunguliwa, huku Simiyu watu huulizana habari za foleni kabla ya habari za watoto. Bei hupangwa mbali. Foleni ni ya hapa hapa, kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na anayedhaniwa kuisababisha anajulikana kwa sura.

Mwaka mmoja niliishi jirani na ghala la namna hiyo, nje kidogo ya Bariadi. Jina lake nalihifadhi. Mkulima alifika na mkokoteni wake saa mbili asubuhi, pamba ikapanda mzanini jua likizama. Lawama zote zilimwangukia mpimaji, na kijana wa watu alishaanza kuziamini.

Ndipo akaja mzee mmoja, mstaafu wa ushirika, akaomba wamgawie saa moja baada ya kufunga. Kazi aliyoifanya jioni ile hatujaipatia jina linaloistahili. Huitwa uwezeshaji, neno lililochakazwa na semina na posho. Mimi naiweka pamoja na useremala, ila kinachopigwa randa ni namna watu wanavyofanya kazi pamoja.

Aliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila", wakaitikia. Hakuuliza nani ana kosa. Alichora mstari vumbini kwa kijiti, akatia alama nne: kufika, kukaguliwa, kupimwa, kuandikwa. Kisha akamgeukia kuli, mdogo kuliko wote pale, akamjaza kokoto kiganjani. "Kijana wangu, leo saa nne mizigo ilikuwa imekwama wapi?"

Kijana akamtazama mwenyekiti wa ushirika. Mzee akanyamaza. Ukimya ule ulidumu hadi nikaona haya mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni tu. Hatimaye kuli akainama, akaweka kokoto mbili penye kukaguliwa, moja kwenye mzani, na zilizobaki akazimimina zote penye kuandikwa.

Karani hakukasirika. Alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akaeleza kwamba jina la kila mkulima analiandika mara tatu, kwenye vitabu vitatu, na muda mwingi unaishia kuuliza furushi lipi ni la nani.

Kuanza na mdogo ndiko kulikonishangaza, kwa sababu kunaikwaruza desturi yetu. Kwenye shikome, ule moto wa jioni wa Wasukuma, vijana walikaa kuwasikiliza wazee. Moto ule ulifundisha mengi, sibishi. Lakini mwenyekiti akishatoa kauli, nani atambishia? Na foleni ya pamba anaijua zaidi yule anayeibeba mabegani. Kokoto nazo zina kazi yake: mtu akikwambia "unachelewesha" ni ugomvi, ila kokoto haina undugu wala kinyongo na mtu.

Wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma ya Wasukuma, wana bahati. Umati ukiwahama kwenda kwa wapinzani, wameshajua walipokosea. Ghala halihamwi, maana mkulima aende wapi na pamba yake? Kazi isiyohamwa hubaki na ubovu wake miaka, mpaka wenyewe wakae chini waitazame.

Kukaa chini huko wengine wamekuandikia kanuni. Februari 2001, watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko linaloambatana na kanuni 12. Ya mwisho inaitaka timu isimame kila baada ya muda, ijitafakari namna ya kufanya kazi vizuri zaidi, kisha ijirekebishe. Leo timu nyingi za programu hukaa hivyo kila wiki mbili, na vikaratasi vya rangi ukutani. Vikaratasi ni kokoto tu.

Jioni ile walipochangamka, kila mtu alikuja na lake: turubai jipya, mzani wa pili, mlinzi wa zamu. Mzee akawaruhusu jambo moja. Kila mzigo ukifika uandikwe namba kwa chaki, chaki za Maswa zilizokuwapo dukani, na karani afuate namba. Yaliyobaki yasubiri. Nadhani hapa ndipo wengi wanaofanya kazi hii hukosea. Huondoka wakiwa wameacha orodha ndefu na picha ya pamoja. Hospitali zetu zilizopokea njia ya Kijapani ya kupanga kazi hubandika ukutani maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Manne ya kwanza yanawezekana siku ambayo mgeni anakuja. La tano linataka mtu wa kurudi.

Mzee alirudi baada ya wiki. Foleni ilikuwa imepungua, ila alasiri mambo yalikorogeka tena, karani anaita namba zisizoonekana popote. Mzee akachuchumaa pale pale pa siku ile, akauliza aliyegundua chochote. Safari hii kuli hakumtazama mwenyekiti. Aligeuka tu akatuonyesha bega la fulana yake, limelowa jasho, jeupe kwa chaki, na juu yake 47 ikisomeka kinyumenyume.

Mzee akacheka, akaanza kutafuta kijiti.