Dhamiri ya Msimulizi katika Maisha ya Tippu Tip

Asomaye Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi aweza kudhani upesi kwamba msimulizi wake hana dhamiri. Avuka nchi, apigana, ateka watu, apima pembe kwa frasila, wala majuto hayasikiki. Lakini kitabu hiki, kilichotolewa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, kisha na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, chastahili usomaji wa makini zaidi.

Dhamiri ya mhusika haijulikani kwa majuto peke yake. Yajulikana pia pale aonapo lazima ajitetee, ingawa hapana aliyemshitaki. Asimuliapo vita vyake na Nsama wa Itawa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1867, atangulia kueleza jinsi alivyokwenda kwa amani akapigwa mishale. Hali kadhalika, mali aliyokopeshwa na Taria Topan aitaja kama mtu aliyefungwa na ahadi. Hapo dhamiri i macho.

Twendelee naye mpaka Utetela. Huko ajidai kuwa wa ukoo wa mtemi mzee, akabidhiwa nchi kwa hila hiyo, wala haoni haya kuisimulia. Na mateka je? Hana jina wala kauli. Ni hesabu tu, kama pembe. Basi dhamiri ya msimulizi ipo, lakini ina mpaka: yaamka kwa mtu wa mkataba, yasinzia kwa asiye na mkataba.

Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), alimpa mhusika wake mzigo huo mwenyewe. Adili aamriwa kuwapiga nduguze waliogeuzwa manyani, naye awahurumia wale wale waliomdhulumu. Katika Maisha, mzigo huo waachiwa msomaji.

Nao si mwepesi, hasa kwa msomaji wa Ujiji. Mji huo, alikokaa Rumaliza mshirika wa Tippu Tip, ulikuwa kituo cha misafara ya Manyema. Wamanyema wengi wa Ujiji ni wajukuu wa watu waliovuka ziwa, wengine kwa biashara na upagazi, wengine wakiwa mateka. Msomaji huyo ana haki ya kuuliza jina la babu aliyehesabiwa pasipo kutajwa.

Pengine atajibiwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile, na kwamba si haki kumpima mtu kwa kipimo asichokijua. Jibu hilo lingetosha kama kipimo kingetoka nje ya kitabu. Lakini kimo ndani yake. Msimulizi aliijua hiana alipotendewa na Nsama; hakuitambua alipoitenda Utetela.