Goti Lisiloonekana

Kwenye filamu ya hali halisi We Met in Virtual Reality kuna darasa la densi ambalo nimelirudia mara kadhaa. Mwalimu anajiita DustBunny. Anafundisha densi ya tumbo, ile yenye asili ya Mashariki ya Kati, na wanafunzi wake wanamfuata wakiwa na sura za katuni. Wanaonekana wako ukumbi mmoja, lakini kila mtu yuko kwake, amevaa miwani ya uhalisia pepe, anatikisa kiuno pengine kando ya kitanda.

Joe Hunting, mwelekezi kutoka Uingereza, aliipiga filamu hii yote ndani ya VRChat wakati wa korona, kwa kamera ya kidijitali iliyomo humo humo. Ilionyeshwa Sundance Januari 2022, kisha HBO wakaitoa Julai. Kwa takriban dakika 90 hatutoki nje. Sifa nyingi zilielekezwa kwa uamuzi huo, na ni haki yake: kamera inakaa na watu kama mgeni aliyekaribishwa, haiwacheki, haiwachunguzi kama wadudu kwenye chupa.

Ila uamuzi huo huo unaliibia darasa la densi kitu kikubwa.

Hebu tuangalie mwili unaingiaje mle. Miwani inajua kichwa kilipo, na rimoti mbili zinajua mikono. Hizo ni pointi tatu. Ukitaka kiuno na miguu yako iingie kweli, unafunga vihisi vingine vitatu: kimoja kiunoni, kimoja kwa kila mguu. Sasa una pointi sita. Kwa mpangilio huo goti bado halina kihisi. Kompyuta inalikisia: kiuno kiko hapa, mguu uko pale, basi goti lazima limekunjwa hivi.

Sasa, muulize yeyote anayecheza densi ya tumbo ule mtetemo wa kiuno unatoka wapi. Mara nyingi unatoka magotini. Unakunja moja, unanyoosha jingine, haraka haraka, na kiuno kinafuata. Kwa hivyo mwalimu anapomtazama mwanafunzi wa pointi sita, sehemu inayofanya kazi yenyewe ndiyo mashine imeichora kwa kubahatisha. Anaona matokeo, haoni chanzo. Aliyewahi kwenda Zumba Jumamosi asubuhi anajua mwalimu mzuri husoma pumzi yako, jasho lako, namna unavyoshika mgongo ukidhani haonekani. Avata haihemi. Haitoi jasho. Imesimama pale imependeza tu, hata mwenyewe akiwa hoi.

Hunting hamuulizi DustBunny anafundishaje hali ikiwa hivyo. Bana, hilo ndilo swali ningelipa kusikia likijibiwa! Lazima ana mbinu zake. Badala yake tunapewa densi kama uhuru mtupu, na picha ni nzuri, lakini ufundi wa mwalimu unapotea ndani ya uzuri huo.

Linganisha na madarasa ya lugha ya ishara yanayofundishwa na Jenny kwenye filamu hiyo hiyo. Pale mikono ndiyo maneno; kidole kikikataa kukunjika, maana inayumba. Viziwi wanaotumia VRChat wamebuni njia mbadala za kuunda ishara ambazo rimoti haiwezi kuzishika, mpaka kikomo cha kifaa kikazaa kitu kama lahaja. Ukitazama sehemu hizo unaona watu wakifanya kazi na mashine yenye kasoro, na hapo filamu iko hai kuliko popote.

Nampa Hunting jambo moja bila kubania. Kinect ya 2010 ilitufundisha kwamba kamera ikikuangalia ukicheza, ni ili ikupe alama. Mazoezi ya uhalisia pepe yamekuwa biashara nzito kiasi kwamba Marekani serikali ilienda kortini kuzuia Meta isiinunue kampuni iliyotengeneza apu ya Supernatural. Ikashindwa, na ununuzi ukakamilika 2023. Kwa DustBunny hakuna alama, hakuna kalori zinazohesabiwa pembeni. Watu wamekuja kucheza na wenzao, basi.

Ndiyo maana suala la vihisi linanikera zaidi. Vinanunuliwa kando, juu ya miwani na rimoti. Asiyekuwa navyo bado anaweza kuingia darasani, lakini kiuno chake pia kinakisiwa, na miguu inajiendea tu inavyoamuliwa na programu. Filamu haituambii nani anavyo na nani hana. Kwa macho yetu wote ni sawa, wote wanayumba. Yule wa pointi tatu kule nyuma, anacheza au anachezewa?