Nimechoka na shujaa asiyekufa. Pichadithi zetu ziko wapi?

JUMAMOSI iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu katika duka moja la vitabu hapa Hurlingham. Nilikuwa nimemwahidi kitabu kimoja cha vibonzo, achague mwenyewe. Alisimama mbele ya rafu iliyojaa wanaume wenye misuli na barakoa, akafungua kimoja, akakirudisha, akafungua kingine. Nikamwonyesha kile ambacho jalada lake lina shujaa aliyelala chini, damu ikimchuruzika. Akakitazama kidogo tu.

“Guka, huyu si ataamka tu?”

Jamani, mtoto wa miaka kumi alikuwa amesema kwa maneno matano jambo lililonichukua miaka thelathini kuling’amua. Mimi ni msomaji wa vibonzo tangu ujana wangu, na hamu yangu ya vile vinavyotawala soko imepungua mwaka baada ya mwaka. Sababu ni hiyo hiyo ya mjukuu wangu.

Superman alianza kuchapishwa Marekani mwaka wa 1938. Mwaka wa 1992 wenyewe wakamuua, wasomaji wakaomboleza huku wakinunua. Mwaka uliofuata, huyo, amerudi! Tatizo langu si miujiza. Fasihi simulizi yetu imejaa miujiza. Tatizo ni kwamba shujaa wa aina hii ni mali ya kampuni, na mali haizikwi maadamu inaleta faida. Kisa hakina ruhusa ya kuisha, na kisichoweza kuisha hakiwezi kutugharimu chochote.

Linganisha na Fumo Liyongo. Naye hakupenya chuma, ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe ndiye aliyemchoma. Liyongo akaenda kisimani, akapiga goti na upinde wake mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wakashinda siku kadhaa bila kuteka maji, wakidhani yu hai. Sasa mfufue Liyongo katika toleo lijalo, uone kinachobaki. Usaliti wa mwana unageuka mchezo, kiu ya mji mzima inageuka kichekesho. Luanda Magere wa Waluo ni vivyo hivyo: mkuki katika kivuli chake una maana kwa kuwa haukuwa na dawa.

Je, tuache vibonzo? La hasha. Tutafute vingine, na si lazima tuende mbali.

Katika miaka ya themanini, Terry Hirst, aliyekuwa ameanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng’weno mwaka wa 1973, alitoa mfululizo ulioitwa Pichadithi. Humo visa vya kwetu, kikiwemo cha Luanda Magere, vilichorwa kwa uzito vinaostahili. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kwake hadi ajali ya matatu ilipomuua mwaka wa 2012, alikuwa miongoni mwa wachoraji wake. Kasoro yake? Jina lilikuwa la Kiswahili, maneno ya ndani yakawa ya Kiingereza. Mlango wa kwetu, nyumba ya wenyewe.

Kasoro hiyo ilirekebishwa na Sasa Sema, shirika lililoanzishwa na Lila Luce hapa Nairobi mwaka wa 1996. Lilichapisha vitabu vizima vya vibonzo kwa Kiswahili, kikiwemo Abunuwasi cha Gado, Mtanzania aliyekwisha kujipatia jina kwa katuni zake katika gazeti la Nation. Abunuwasi hana misuli. Ana ulimi na akili, na msomaji hujua kwamba safari hii huenda akili isitoshe.

Kisha mwaka wa 2010 likaja Shujaaz, kwa Sheng. Nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa waliong’aka. Nilikosea. Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akafungua redio ya siri chumbani mwake, anaishi katika Kenya ninayoiona dirishani. Lawama yangu leo si ya Sheng. Ni kwamba mara nyingine funzo hutangulia kisa, na msomaji hunusa mahubiri kutoka mbali.

Na nje ya Kenya yupo Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Madame Livingstone, cha mwaka wa 2014, anachora Vita vya Kwanza vya Dunia kando ya Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani ambayo baadaye sisi sote tuliijua kama MV Liemba. Hii ni historia ya Waswahili na jirani zao, lakini ilitoka kwa Kifaransa.

Hapa lazima nijinyoshee kidole. Katika miaka yangu yote ya kufundisha fasihi, sijawahi kutahini kibonzo hata kimoja. Nimewafundisha walimu wa watoto hawa kwamba picha ni ngazi ya kupandia “vitabu vya kweli”, halafu nashangaa rafu haina Kiswahili. Mchapishaji atachapishaje kile ambacho profesa anakidharau?

Pendekezo langu ni dogo. Neno kibonzo tuliachie kile kichekesho cha picha tatu nne gazetini, alichotuzoesha Edward Gitau kupitia Juha Kalulu. Kisa kirefu cha picha, chenye mwanzo na mwisho, tukiite pichadithi. Neno lipo, limeundwa kwa ufundi, limekaa bure. Kisha tukitahini.

Siku ile tulitoka dukani mikono mitupu. Nyumbani nilimtolea Abunuwasi yangu ya zamani, jalada limechanika. Alisoma amelala kifudifudi sakafuni, hakuinuka hadi mwisho.

“Guka, ingine iko?”

Bado natafuta.